Namba Nilizosoma Nyuma ya Geti

Kwa miaka tisa nilimsomea mita ya maji mwanamume ambaye sura yake siijui. Ninachokijua ni sauti yake na ndala zake, kwa sababu geti langu lina upenyo chini. Kuanzia vifundo vya miguu kwenda juu, yeye kwangu alikuwa bati tupu.

Mara ya kwanza alikuja nikiwa katika eda. Mume wangu alikuwa na wiki tatu kaburini, nami nilikuwa ndani, sitoki wala sipokei mwanamume asiye maharimu yangu. Mita iko ndani ya ua, hatua mbili kutoka getini. Akapiga hodi, akasema ametumwa na watu wa maji. Nikamwambia haingii mtu hapa. Mwingine angenigombeza, au angejiandikia makadirio yake na kwenda zake. Yeye alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Wewe unajua kusoma, habaryar?"

Habaryar kwa Kisomali ni mama mdogo, na kuitwa hivyo na mtu mzima mwenye adabu ni heshima, lakini siku hiyo nilipandwa na hasira. Miaka yote niliyofundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Garissa, leo mtu wa mita ananiuliza kama najua kusoma! Nikainama, nikamsomea namba kwa sauti ileile niliyowasomea watoto imla. Akazirudia moja baada ya nyingine.

"Bole bole, habaryar," alilalamika, maana kila p kinywani mwake ilikuwa b. "Mimi naandika kwa goti."

Eda iliisha. Hata hivyo niliendelea kuishi peke yangu, na mwanamume haingii kwa mwanamke aliye peke yake, kwa hiyo tukabaki na utaratibu wetu. Kila mwezi alipiga hodi, nikasoma, akarudia, akaandika. Hakuwahi kuomba kuhakikisha. Ningeweza kumpunja atakavyo shetani, na sikupunguza hata namba moja.

Tukimaliza namba, hakuondoka hapo hapo. Aliniuliza goti langu bovu linaendeleaje. Aliniambia kama mvua imenyesha Ijara, ambako mama yake alikuwa na ng'ombe wachache waliomsumbua kuliko watoto. Mimi nilimsahihisha Kiswahili chake, naye akacheka na kurudia kosa lilelile mwezi uliofuata. Nadhani alifanya makusudi. Mazungumzo yenyewe hayakuzidi robo saa. Binti yangu yuko Nairobi na mwanangu wa kiume anafanya kazi Liboi. Wote hunipigia simu Ijumaa, wananiuliza kama nimekula, wanaharakisha. Niseme tu ukweli: robo saa ile ndiyo niliyokuwa nikiingoja mwezi mzima.

Mwaka jana wakaja mafundi wawili kubadilisha mita. Nilimwita jirani yangu mwanamke akaketi nami ukumbini mpaka walipomaliza, kama inavyotakiwa. Mita mpya ina kioo kidogo chini ya kifuniko, na inajitumia namba zake yenyewe hadi ofisini. Mmoja wa mafundi alijivunia kama aliyeizaa. "Sasa mama, hakuna mtu atakusumbua tena," alisema. Akaongeza kwamba maji yakitiririka siku mbili bila kukoma, ofisi itajua bomba limepasuka na itatuma mtu. Nikamshukuru.

Mwezi ulipoisha nilifagia mbele ya geti, nikachemsha chai. Simu ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe wenye namba zangu zote, sahihi kabisa, na neno la ahsante. Hodi haikupigwa. Mwezi wa pili vilevile. Nikaanza kugombana na redio, namsahihisha msomaji wa habari, naye hana habari nami. Ikafika siku nikagundua kwamba tangu asubuhi sijasema neno lolote isipokuwa kwenye sala. Nililia kwa hilo, mtu mzima kama mimi.

Jumatatu moja, baada ya kunywa chai, nilifungua mfereji wa uani kidogo tu, maji membamba kama uzi.

Sikumwaga tone. Siwezi kumwaga maji Garissa. Mungu angeniuliza na majirani wangeniuliza kabla yake. Niliweka pipa, likajaa, nikaweka la pili. Nikajaza mitungi ya jirani. Nikajaza karai nje ya geti, na mbuzi wa mtaa mzima wakapata habari. Nilichota na kubeba siku mbili, goti likiniwaka moto.

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, hodi ikapigwa. Ilikuwa sauti yake.

"Habaryar, ofisi inasema maji yako inatembea siku mbili. Bomba imebasuka?"

Walikuwa wamemhamishia kwenye kazi ya mabomba. Moyo ulinidunda kwa furaha, kisha aibu ikanishika. Uongo nilikuwa nimeuandaa tayari: ningesema ni mpira wa mfereji umelika. Lakini mtu huyu aliandika kila nilichomwambia kwa miaka tisa.

"Halijapasuka," nikasema. "Nimefungua mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna anayekuja."

Niliziangalia ndala zake, hazikusogea.

"Usifanye tena, habaryar," alisema mwishowe, taratibu. "Leo mimi nitaandika mfereji ilisahaulika. Mara ya bili ofisi inafunga maji kutoka huko huko. Hakuna mtu anatumwa."

Nikaenda kufunga mfereji. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na sikuwa na la kumzuilia. Niliporudi nilitarajia kukuta upenyo mtupu, lakini alikuwa bado amesimama palepale.

"Soma basi," akasema.

Nikapiga magoti, nikainua kifuniko, nikaanza. Nilipofika namba ya tano nikatambua kwamba harudii.

"Unaandika?"

"Hapana. Ofisi inayo tayari. Mimi nasikiliza tu."

Nikaanza upya, tangu sifuri ya kwanza, na safari hii sikuwa na haraka.