Freni za Baba na Kikwembe cha Muhogo

Muhogo uliokauka nusu, ukipatwa na mvua, hutoa harufu ya uchachu kidogo, kama unga uliosahauliwa ndani ya ndoo. Watu wengine wakiinusa hukimbilia kuanua. Mimi, hata leo na utu uzima wangu huu, hutafuta kwa macho mguu wa kulia wa baba yangu, nione kama unazama.

Nilikuwa na miaka tisa, na tulikaa Kasongo. Baba alikuwa na minibasi kuukuu ambayo mlango wake wa abiria ulifunguka kwa nje tu, na kila ilipougua aliitibu mwenyewe hapo uani. Siku ninayowaambia, mdogo wake mama alikuwa anaolewa Nyangwe. Bibi, mama yake mama, alikuwa aondoke saa sita pamoja na wanawake sita waliovaa kitambaa cha aina moja, na dereva wao alikuwa baba. Asubuhi hiyo breki za nyuma, freni kama tunavyoziita kwetu, zikaanza kulia chuma kwa chuma.

Kwa kawaida baba alifungua gurudumu moja tu. Lile la pili aliliacha limefungwa, ili akisahau springi zinakaaje aende kulichungulia. Lakini siku hiyo mama mkwe alikuwa anamsubiri, na mama mkwe wake hakuwa mtu wa kusubirishwa. Akainua nyuma yote ya gari juu ya magogo, akang'oa magurudumu mawili, kisha ngoma zote mbili za breki. Likamwagika vumbi jeusi lenye harufu ya kuungua. Vile viatu vya breki, vipande viwili vilivyopinda ambavyo hubana ngoma kwa ndani, vilikuwa vimelika mpaka kwenye chuma.

Akatandika kikwembe, kitenge cha zamani cha mama, akachora mstari wa makaa katikati. Vitu vya kushoto akaviweka kushoto, vya kulia kulia. Mwishoni akaniinulia skrubu mbili ndogo zenye meno, za kukazia viatu vya breki, zilizofanana kabisa.

"Feza, angalia vizuri. Hii iko ya kushoto, hii iko ya kuume. Ukichanganya, kila nikifinya freni, pahali ya kukaza itakuwa inalegea. Unasikia?"

"Nasikia, Baba."

"Basi linda. Hata kuku asikanyage hapa."

Akaenda kwa rafiki yake karibu na soko kuchukua viatu vipya.

Mvua haikupiga hodi. Nilisikia kelele za majirani, "Muhogo! Muhogo!", na kila mtoto wa Kasongo anajua kelele hizo zinamtaka afanye nini. Unashika pembe nne za kitambaa kilichoanikiwa muhogo, unaviringa, unakimbia. Mikono yangu ilikuwa imefanya hivyo tangu sijaota meno ya ukubwani, haikuniuliza. Nikashika pembe nne za kikwembe, nikakimbilia barazani, na nikafika nikiwa na fahari kubwa maana hakuna hata kimoja kilicholowa. Kisha nikasikia vile vyuma vikigongana ndani.

Nilikifungua polepole. Vyote vilikuwa rundo moja. Mstari wa makaa ulikuwa umefutika, na kule uani muhogo wetu, ambao sikuukumbuka, ulikuwa umeanza kuchacha katika maji. Nikapanga upya. Springi nilizikumbuka. Zile skrubu mbili niliziweka, nikazibadilisha, nikazirudisha. Niliomba Mungu anionyeshe, hakunionyesha.

Baba alikuja mbio, maji yakimchuruzika. Alipoona kikwembe kimetandikwa barazani, kikavu, alicheka kwa furaha.

"Kumbe uliokoa vyote! Aksanti, mama. Uko mutu mukubwa sasa."

Ningesema wakati ule. Lakini baba hakuwa mwepesi wa kusifu, nami sikutaka kuirudisha sifa ile. Nilijiambia kwamba huenda nimezipanga sawa. Alifunga kila kitu haraka, bibi akimwita tayari kutoka kwenye lango.

Nilikaa nyuma ya kiti cha baba, nimebanwa kati ya bibi na beseni la mchele. Wanawake waliimba. Mimi niliuangalia mguu wa baba. Mwanzoni alipokanyaga breki mguu ulisimama juu. Baada ya vijiji viwili ulishuka kidogo. Baada ya kuvuka kijito chenye matope ulishuka zaidi, na nikamwona baba akikanyaga mara mbili pale alipokuwa akikanyaga mara moja.  Shingo yake ilikaza. Nilihesabu: mbele kuna mteremko mrefu, na chini yake daraja la magogo lisilo na kingo.  Nilimwogopa baba, niliogopa aibu, na niliogopa ule mteremko, na kwa muda mrefu sikujua nichague kuogopa nini.

Tulipofika pale njia inapoanza kuinama, nikapiga kelele.

"Baba, simamisha! Nilichanganya vile vitu! Mvua ilikuja nikavibeba kama muhogo!"

Nyimbo zikakatika. Baba alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akaelekeza gari kwenye ukingo wa udongo mpaka likajikwamisha lenyewe. Hakugeuka kuniangalia. Alishuka, akaweka jiwe mbele ya gurudumu, akafungua mlango kwa nje.

"Mama, mushuke," alimwambia bibi. "Nilikosea kufunga freni. Kosa iko yangu."

"Mutoto amesema ni yeye."

"Hapana, Mama. Ni miye."

Bibi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ulitaka tukufe na hizi nguo mupya?"

Baba alifungua tena magurudumu yote mawili hapo njiani ili azibadilishe zile skrubu, na ni mimi niliyempa, moja moja. Tulifika Nyangwe jioni, watu wa bwana harusi wamenuna. Tangu siku ile bibi hakupanda tena gari la baba. Alipanda pikipiki ya mtu yeyote, akieleza mtaa mzima kwamba mkwe wake hajui freni.

Nami nilikua nikiamini kwamba baba alisema uongo mbele ya mama mkwe wake ili nisiaibike. Nilimpenda kwa uongo huo. Hata mwaka jana, nilipomtembelea, nilimshukuru kwa kunifichia kosa langu. Baba alikasirika.

"Nilikuficha wapi? Nani alifungua pande mbili? Nani aliacha freni kwa mutoto wa miaka tisa, akarudi, akafunga bila kuangalia? Wewe ulitoa vitu ku mvua, ukasema kweli mbele ya kilima. Miye ndiye fundi."

 Hasira yake ilikuwa ya kweli, ya mtu aliyeudhika kwa kudhaniwa mwongo. Pale njiani, bibi akimpima kwa macho, baba alikuwa akisema tu kilichotokea, na mimi kwa miaka yote hiyo sikumwamini.