Unyenyekevu wa Wanza na Achari Yake

Tangu Wanza arudi kwao Machakos, kila nipitapo sokoni Marikiti pua yangu huitafuta achari yake. Alikuwa Mkamba, mtu wa kanisa hasa. Kupika achari ya embe alifunzwa na Bi Jawahir, jirani yake wa Mji wa Kale.

Siku moja mnunuzi wa hoteli alikuja kwenye meza yake pale sokoni, iliyopakana na yangu. Wanza aliitaka sana biashara ile, maana alitamani duka lake mwenyewe. Lakini alilelewa asijisifu, basi akainamisha kichwa akasema, "Ni achari ya hivi hivi tu, bwana. Si ya kuwekea wageni." Yule bwana akaitua chupa kabla hata ya kuonja, akashukuru, akaenda zake.

Bi Jawahir alikuwa ameketi nasi pale. "Mwanangu, wamtukana nani?"

"Nimejishusha tu, Bi."

"Umenishusha mimi niliyekufunza, na Mola aliyekupa huo mkono. Wewe mwenyewe hata hukujishusha!"

Mimi nilicheka. Wanza hakucheka. Alikamata chupa, akatoka mbio. Nami nikamfuata na magoti yangu haya, nikamkuta mlangoni mwa soko, akihema mbele ya yule bwana.

"Achari hii ni nzuri," alisema, kama anayeungama dhambi. "Nilifunzwa na fundi, na Mungu akabariki. Onja."

Yule bwana akaonja, kisha akauliza angeweza kupata chupa ngapi kwa wiki.

Wanza alinitazama kwanza, kana kwamba aniomba ruhusa.

"Uzitakazo zote," akamjibu.