Saa Niliyoisahihisha

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kwamba ndege hutoka Nairobi hadi Arusha kwa muda usiofika saa moja. Nilikasirika, akadhani nimechoka.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu juu ya Sekei, karibu na Arusha, mimi peke yangu ndiye niliyejua kusoma. Mjomba, mpishi wa Mzungu, alimwandikia mama kwamba angepita na bwana wake: ndege ingetoka Nairobi saa sita, itue Arusha saa saba, kisha iendelee Dar es Salaam. Nilijua lori hutumia kutwa nzima, na nilidhani ndege nayo hufuata barabara na kusimama Namanga ili abiria wale chakula. Nikaona mjomba amekosea. Nikamsomea mama, “Saa kumi na moja jioni.”

Siku ilipofika, mchana, tukichuma kahawa, ngurumo ilipita juu ya migomba. Nikamwambia hiyo ni ndege nyingine.

Jioni uwanjani tulikuta harufu ya petroli na mlinzi.

“Mama, ndugu yako alisimama mlangoni mwa ndege akikungoja mpaka akafokewa,” mlinzi alisema.

“Miaka yote hii sijamwona, halafu ananidanganya saa?”

Sikumwambia kamwe kwamba saa ile niliibadilisha mimi. Hawakuonana tena, na mama alikufa akimwita kaka yake mwongo.