Kama Alivyosema Kaka

Magome ya miwati, miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi, yakilowa mvua yana harufu kali, inayokaribia ile ya ngozi mbichi. Juzi lori lililoyabeba lilipita mbele ya nyumba yangu hapa Yakobi, nami nikasimama mlangoni na ufagio mkononi mpaka harufu ikaisha. Ilinirudisha kwenye safari yangu ya kwanza ya Makambako, enzi za Mwingereza, nilipoketi juu ya shehena ya magome kama hayo pamoja na Mwalimu Tito, nikienda kufanyiwa usaili wa kuingia darasa la tano.

Nikueleze kwanza desturi ya kwetu, maana bila hiyo hutaelewa kilichonipata. Nyumbani tulikuwa watoto watano, na mkubwa wetu alikuwa Kaka Yohana. Mtu mzima akitukuta pamoja akauliza jambo, aliyejibu ni Yohana. Sisi wengine tulipiga magoti, macho chini, na tukigeukiwa mmoja mmoja tulisema, "Ni kama alivyosema kaka." Haikuwa woga. Ilikuwa adabu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Kumtangulia mkubwa kusema kulikuwa sawa na kumtangulia kuchukua nyama kwenye bakuli, na Bibi, aliyetulea kwa sala na kwa kijiti cha mwanzi, hakuruhusu lolote kati ya hayo mawili.

Yohana mwenyewe aliachishwa shule darasa la pili ili achunge ng'ombe, na mimi niendelee. Hilo nililijua kama nilivyojua rangi ya blanketi letu. Sikuwahi kulifikiria.

Kwetu tulizungumza Kibena. Kiswahili kilikuwa cha shuleni na sokoni. Nilikisoma bila shida, ila kukisema kulinichukua muda, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Mwalimu Tito alilijua hilo. Yeye alikuwa Mkinga wa Makete, mwembamba, mwenye koti moja la masika na la kipupwe, na alikuwa ametembea mara kadhaa kuja kumwomba Baba aniruhusu kwenda kwenye usaili. Baba alikubali kwa sharti kwamba nikikosa sitarudia. Shangazi alikuwa ameshaanza kuitaja familia moja yenye kijana wa kuoa, na kila alipoitaja Mama aliinuka kwenda kuchochea moto hata kama ulikuwa unawaka vizuri.

Makambako ilitupokea kwa upepo wake. Mtahini alikuwa mwalimu kutoka Tanga, amejifunga skafu mpaka masikioni kwa baridi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuzaliwa nacho, chepesi na cha haraka. Watoto tulikuwa wengi, wavulana wakiwania nafasi za shule yao na wasichana za shule yao, naye alituita wawili wawili ili siku isimshinde. Mimi niliitwa pamoja na Daudi, mtoto wa karani wa pale pale Makambako. Daudi alikuwa amevaa viatu na alinizidi kimo kwa kichwa kizima. Kwao walizungumza Kiswahili hata wakati wa kula.

Mtahini akauliza maji ya Mto Ruaha yanaishia wapi. Daudi hakungoja swali limalizike. "Ziwa Nyasa," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

Nilijua sivyo. Mwalimu Tito alikuwa ametuchorea mto ule mavumbini, tena na tena. Mtahini akanigeukia. "Na wewe, binti?"

Nikapiga goti, nikatazama sakafu. "Ni kama alivyosema kaka."

Akauliza hesabu ya magunia. Daudi akakosea tena, kwa furaha ile ile. Nami nikasema ni kama alivyosema kaka. Swali la tatu Daudi alipata, na jibu langu likawa lile lile. Mtahini akaweka kalamu chini, akaniuliza, bila ukali wowote, kama nimekuja kufanya usaili au kumsindikiza kaka yangu. Daudi alicheka. Tukatolewa nje, nikamsikia mtahini akimwambia Mwalimu Tito mlangoni kwamba mtoto ni mwenye heshima, ila Kiswahili hajui, na mengine sijui kama anayajua.

Mwalimu aliketi kando yangu barazani. Hakunigombeza. Aliniuliza taratibu, "Estina, Ruaha unaishia wapi?"

"Unaingia Rufiji, Mwalimu, na Rufiji unaingia baharini."

"Mbona hukusema mle ndani?"

"Kaka alikuwa ameshasema."

Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko asichotaka kisikike. Akainuka, akazunguka nyuma jikoni, akarudi amemshika mkono Sofia, mtoto wa mama aliyekuwa akiwapikia walimu chai. Sofia alikuwa ameng'oka meno ya mbele, mapya hayajaota. Mwalimu akatuingiza sote wawili.

"Huyu naye anataka darasa la tano?" mtahini aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Akae tu hapo. Nakuomba umuulize tena yule binti."

Mtahini alikuwa mtu mvumilivu, Mungu amlipe. Akauliza. Nikamtazama Sofia, aliyekuwa akinyonya kidole, nikaona kwamba mkubwa mle ndani ni mimi, na nisiposema nitakuwa nimemwachia mtoto mdogo mzigo wangu. Nikajibu. Nikajibu na la magunia, polepole, jiwe kwa jiwe, na mengine aliyoyaongeza. Mwishoni akamgeukia Sofia kwa utani, na Sofia akatoa kidole mdomoni akasema ni kama alivyosema dada.

Nafasi niliipata. Daudi naye aliipata ya kwake, kwa sababu makosa yake yalisikika na yaliweza kusahihishwa.

Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani. Jioni moja Baba, aliyekuwa ametoka Ludewa, aliuliza kama mito aliyoivuka huko inakwenda kukutana na Ruaha. Aliuliza kwa kuwa hakujua. Kwetu hakuna aliyeuliza asichohitaji kujua. Nikajibu papo hapo kwamba ile inateremka Ziwa Nyasa, na Ruaha unakwenda baharini. Bibi akaacha kuchambua maharage. Ndipo nikakumbuka kwamba Yohana ameketi pale pale, na kwamba sote tulipaswa kumngoja.

Baba alimgeukia. Yohana akatazama chini, kama tulivyofundishwa, akasema, "Ni kama alivyosema Estina."

Nilidhani ananitania, nikangoja acheke. Hakucheka, na Bibi akaendelea na maharage yake. Nilikuwa nimeshafundisha watoto wa watu miaka mingi ndipo nikaelewa. Kule Makambako, ili niweze kusema, Mwalimu Tito alilazimika kutafuta mtoto mdogo wa kunikalisha naye. Nyumbani hakutafutwa mtu. Kaka aliketi mwenyewe mahali pa Sofia.