Rozalia na Kanda ya Pili ya Radi

Kama humjui Rozalia, basi hujawahi kupita Ufukoni asubuhi. Akiita wateja wa mihogo yake ya kukaanga, hata aliye chooni anasikia na anaanza kuharakisha. Sauti ile hakufundishwa na mtu. Mie nilikuwepo siku anazaliwa kule Likombe, na alipolia mara ya kwanza mbuzi wa jirani alikata kamba.

Mumewe alivuka Ruvuma, akaenda Msumbiji kutafuta kazi. Kazi akapata, na mke akapata. Yule sijamsamehe, lakini leo simsemi. Rozalia akabaki na binti yake Neema na karai la mafuta.

Sasa kulikuwa na bendi inaitwa Radi. Vijana watatu, kila mmoja alikuwa nyota kwake, kila mmoja akawakimbia wenzake, wakakutana. Saidi wa ngoma alitoka bendi ya hotelini. Samweli wa gitaa zito alitoka kwaya, mchungaji mpaka leo haitikii salamu yake. Na Elisha wa gitaa kali, mtoto wa watu wa bara, mpakua mizigo bandarini, alitoka bendi ya wafanyakazi. Huyo Elisha baharia mmoja wa Kizungu alimwachia kanda ya mziki wanaouita roki. Magitaa yanalia kama bati linaburutwa kwenye mawe. Siku ya kwanza kuusikia nilidhani kontena limeanguka.

Kanda yao ya kwanza ilipendwa, kila kinyozi aliipiga. Mwimbaji wao akavimba kichwa, akahamia Dar es Salaam. Wakabaki na magitaa bila mdomo. Wale waliokimbiwa wakafurahi: "Kanda ya pili hawatoi hao!"

Elisha akaenda zake kununua mihogo. Akamkuta Rozalia anagombana na dereva wa lori aliyetaka kuongezewa pilipili kila akila kipande. Elisha akasahau mihogo.

"Dada, wewe unaimba?"

"Naimba nini? Namfukuza mwizi wa pilipili."

"Basi njoo umfukuze kwenye kipaza sauti."

Akaenda. Watu walisema sana, mama mzima na kanga zake katikati ya vijana wenye nywele kama fagio. Mie nilisema kuliko wote. Halafu Jumamosi moja nikamsikia anaimba, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ni jambo kubwa, waulize wanaonijua.

Wakapanda meli, wakarekodi Dar es Salaam, na mwaka 2001, korosho zinaanza kudondoka, kanda ya pili ikafika sokoni. Mie nilikuwa nachagua dagaa. Muuza kanda akaweka spika nje. Wimbo wa kwanza, kelele. Wa pili, kelele. Wa tatu, Mungu wangu, mama mmoja kaachia nyanya zote chini. Mwingine kajifunika kanga usoni, mabega yanamtetemeka. Mwingine kashindwa kujizuia, kapiga kigelegele. Wanaume wanacheza, wanauliza, "Mnacheka nini nyie?" Kina mama wakazidi kucheka.

Ule mlio ulikuwa wetu. Ni wimbo wa unyago, tunamwimbia mwali ndani ya ua, mwanaume asiusikie. Maneno yake siyasemi hapa, na wewe unayetaka kuyajua, kama ni mwanaume, endelea kutaka. Gitaa liliupiga wote, mwanzo mpaka mwisho, kwenye spika mbili, mbele ya wauza samaki!

Na kungwi mkubwa wa Likombe ni mie.

Jioni hiyohiyo makungwi wenzangu walijaa uani kwangu. Walishakata shauri kabla hawajakaa. Rozalia kawauzia wanaume wimbo wetu, basi asikanyage tena unyagoni, na Neema wake asichezwe unyago. Na Neema alikuwa aingie ndani kufundwa shule zikifungwa, kanga zake zimeshanunuliwa. Mtoto asiyechezwa kwetu hata akiolewa, akiingia walipo wenzake, mazungumzo yanakatika. Rozalia aliyajua hayo. Alikuja kabeba redio yake ya kanda, macho mekundu, na Neema nyuma yake.

"Mama," akaniambia, "nihukumuni. Lakini sikilizeni kwanza."

Akawasha. Wimbo wa kwanza, maneno tele. Wa pili, maneno tele. Ukaja ule wa tatu.

"Nionyesheni neno hapo."

Tukatega masikio. Gitaa linapiga, ngoma inapiga, Rozalia anapiga ukelele: aaa, eee, ooo. Neno hakuna. Hata moja.

"Elisha alikuja na mlio huo mazoezini," akasema. "Akataka niutie maneno ya mapenzi. Nikakataa. Akaniambia basi atatafuta mwimbaji mwingine. Mama, ningefanyaje? Nikimkataza, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, si ndo nishamfunulia? Na nikiondoka, analeta wa kwake, anautia uchafu wake. Nikamwambia, piga, mie nitapiga kelele tu. Wakaniona mkaidi. Hayo ndo niliyofanya."

 Halafu Bibi Sharifa, kungwi mwenzangu ambaye hacheki hata akitekenywa, akaanza kucheka. "Kwa hiyo ule ukelele wote ulikuwa mlango umefungwa!"

Nikasema Rozalia hana kosa, mtoto atachezwa. Neema akanirukia shingoni. Rozalia alikaa chini pale pale, akalia kwa ile sauti yake, mbuzi wakaanza tena kuvuta kamba.

"Sasa niitieni mwizi," nikawaambia.

Elisha alikaa nyumba ya kupanga jirani yangu, ua wake na wangu umetenganishwa na makuti tu. Alikuja kavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Acha shikamoo yako. Ule mlio umeutoa wapi?"

"Niliota, bibi. Ulinijia ndotoni."

"Ndoto yako ina kina mama wangapi? Wanapiga makofi? Na kuna mmoja ana sauti mbaya kama yangu?"

Akatazama chini. Akatazama makuti. "Nilikuwa nimelala tu, bibi, unapita wenyewe pale uani. Sikujua ni wa siri. Ni mzuri sana."

"Uzuri wake najua. Kwa kuiba, faini. Kwa kudanganya ni ndoto, faini nyingine. Siku ya kumtoa Neema ndani, bendi yako itapiga bure kutwa. Mtakaa nje ya ua, mgongo kwetu, uso barabarani. Anayegeuka namng'oa nywele zile."

Siku ikafika. Wakafunga spika nje, wakatugeuzia migongo kama watoto walioadhibiwa. Rozalia alikuwa ndani na sisi, mama wa mwali, kajipaka unga, kavaa kanga mpya. Nikapaza sauti, "Elisha! Ule wa tatu!"

Gitaa likaunguruma, mapaa yakatetemeka. Hapo Rozalia akanitazama, mie nikamtazama, na akafungua mdomo, bila kipaza sauti. Akautia maneno. Maneno yote, mchana kweupe, na sisi tukaitikia kwa nguvu zetu zote, wanaume wamejaa barabarani, na hakuna hata mmoja aliyesikia kitu kwa kelele za magitaa yao wenyewe. Miaka yote tumeuimba kwa sauti ya kubana, jicho mlangoni. Siku ile tuliuachia. Bibi Sharifa alicheza mpaka kilemba kikaanguka. Neema alikuwa katikati, anang'aa mafuta, anacheka mpaka machozi.

Ulipokwisha, Elisha akauliza, uso bado barabarani, "Bibi, umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Piga tena."