Kaka Yangu Anagombea Ubunge, Mume Wangu Anataka Nimkatae Jukwaani

Admin, jina langu weka kando. Isiolo ni ndogo na maziwa yangu bado nataka yanunuliwe.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mborana, naishi hapa mjini nauza maziwa ya ngamia. Niko na watoto wanne. Tangu kiti cha ubunge kibaki wazi na uchaguzi mdogo uitishwe, nyumba yangu haina amani. Kaka yangu anagombea. Mume wangu ni wa ukoo mwingine, na wazee wao wamesimamisha mtu wao. Kwetu ukishaolewa wewe ni wa ukoo wa bwana, hiyo najua na sijakataa. Kura ni siri, nani ataniona? Nilidhani mambo yataishia hapo.

Jumapili bwanangu akaniambia wazee wanakuja kuomba dua, nitengeneze buna, ile kahawa ya kukaangwa na samli, inayotafunwa. Nikafurahi kabisa, mimi mjinga. Nikajua ni dua ya mvua, ama ya mguu wake unaomsumbua tangu Ramadhani. Nikakaanga, nikatia maziwa, nikawapa kwa mikono yangu. Wakala, wakabariki nyumba, mimi naitikia amin pale mlangoni. Ndipo mzee mmoja akanigeukia akanishukuru. Ati wamefurahi nimekubali kusimama nao Jumamosi kwa mkutano wa Burat, niambie watu kwamba kaka yangu hata dada yake wa damu hamtaki. Nikamwangalia bwanangu. Yeye akaangalia kikombe.

Walipotoka nikamuuliza mbona hakuniuliza kwanza. Akasema ningekataa. Sasa hiyo ni akili gani jamani? Anasema buna imeshaliwa, dua imeshaombwa, na mke anayekataa dua ya wazee anawaitia watoto wake laana. Nisiposimama nirudi kwetu, watoto wabaki.

Na huyo kaka yangu si kaka wa kuzaliwa tu. Baba alikufa nikiwa mdogo, yeye akaacha shule akachunga ngamia za watu ndio mimi nisome. Hata nikah yangu, yeye ndiye alikuwa walii, aliyenioza. Wallahi nina hasira. Huyo ndiye nishike maiki niseme hafai?

Jana nikampigia simu nikamweleza yote huku nalia. Nilitaka akasirike. Angenitukana ningejua pa kusimama. Akasema, "Dada, sema tu vile wanataka. Usivunje nyumba yako kwa sababu ya kiti. Mimi nitajua si wewe."

Nikamshukuru, nikadhani imekwisha. Kumbe hakuwa amemaliza.

"Lakini mkutano utarushwa kwa redio," akasema. "Na mama huko Merti siku hizi haoni, anashinda na redio. Mimi sitamwambia kitu. Wewe tafuta vile utamweleza."

Mama yangu hajui siasa. Hata kwa simu, akisikia sauti yangu huita majirani waje wanisalimie. Jumamosi ni kesho kutwa na bwanangu ameshanunua dera ya rangi ya chama chao, imening'inia mlangoni. Nyinyi mlio na ndoa na mlio na mama bado hai, niambieni ukweli hata kama utaniuma: niivae nisimame, ama niwaache watoto wangu niende Merti?