Nadhiri Iliyotangulia Majibu

Mama alichinja mbuzi kabla majibu yangu hayajarudi. Nilipolazwa kwa saratani ya damu aliweka nadhiri, na ahadi ni deni, sembuse aliyoahidiwa Mungu. Daktari alikuwa ametuambia kwamba kwa darubini haoni tena ugonjwa, ila tusubiri kipimo kingine cha uboho, kikali zaidi. Mama hakusubiri. Maulidi yakasomwa kwetu Msambweni, watu wakala pilau, wanawake wakanipapasa nywele zilizoanza kuota, nami nikajishaua katika leso mpya kama biharusi. Nikikumbuka nilivyokuwa nikizungusha shingo ili kila mtu anione, natamani ardhi ipasuke initie ndani.

Majibu yalipotoka nilikwenda peke yangu, nikidhani ni kuambiwa hongera tu. Daktari, binti mdogo kwangu kwa umri, akanieleza kwamba seli chache mno za ugonjwa zimebaki, zimejificha ndani ya mfupa. Mimi nisingezihisi, na darubini haikuziona. Alisema ni heri zimekutwa zingali chache, na dawa nyingine zianze mara moja, kwani zikiachwa zitaongezeka na ugonjwa utarudi wote. Nilimwelewa vizuri. Gunia la mchele huwezi kujua lina fukusi kwa kulitazama juu.

Nilielewa, na bado siku niliyopangiwa sikwenda. Dawa sikuziogopa kama nilivyowaogopa majirani. Watu walikuwa wamekula shukrani yangu wakanawa mikono. Ningewaambiaje kwamba sijapona? Nikarudi kazini, hotelini Galu, kwenye chumba cha kufulia, nikakunja mashuka ya wageni. Kila aliyeniuliza hali nilimjibu alhamdulillah, kisha nikajiona tapeli. Zaidi ya wote nilimwonea haya mama. Nilihisi nimemfedhehesha mbele ya Mola wake: yeye ametimiza lake, na mimi nimekuja nusu.

Daktari akanipigia simu mwenyewe. Aliniuliza kwa upole ninasubiri nini. Jioni ile nikamkuta mama jikoni anachambua mchicha, nikamwambia yote macho yakiwa chini: mabaki yaliyoonekana, siku niliyoikimbia, na sababu yake. Nikamwomba radhi kwa nadhiri yake iliyopotea bure.

Hakuinua uso. "Mimi sikuomba upone," akasema.

Sote nyumbani tulijua nadhiri ile ilikuwa ya kupona kwangu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Niliomba utoke mle wodini kwa miguu yako, basi. Ukatoka, nikatimiza. Vitanda vilikuwa vimejaa watoto wa wenzangu, mwanangu, na wengine nilikuwa nikiona wanafunikwa shuka. Niliona haya kuomba yote."

Nililia pale pale, mtu mzima mimi, kamasi na machozi. Nilikuwa nimeibeba aibu yangu kama mali ya peke yangu, kumbe mama alikuwa na yake tangu wodini, na juu yake alikuwa amepika pilau na kucheka na wageni.

Aliponiuliza dawa zinaanza lini nikamwambia zilitakiwa ziwe zimeshaanza, na kwamba kesho asubuhi nitakwenda. Akasema tutakwenda pamoja. Kisha akausukuma ungo kando, akainuka kwenda kutia udhu, na adhana ya magharibi ilikuwa bado.

"Leo sina haya," akasema. "Leo namwomba yote."